Fungueni Jalada Kabla ya Kupiga Picha

Asha na Nestori, mliniomba ukurasa mmoja wa maelekezo ya kazi, nami nimeshindwa kuufupisha. Karani wa zamani akipewa karatasi haachi nafasi chini. Ya mshahara na vyeo sitayagusa. Kwa miaka mingi dukani tulikuwa wawili tu, na cheo cha juu kilikuwa na mwenyewe.

Kabla ya vitabu nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja hapa Kasulu. Kompyuta zilipofika, taipu yangu ikapelekwa stoo, na mimi nikaambiwa nikapumzike. Nilipumzika siku nne. Siku ya tano nikamkuta Mwalimu Saumu sokoni akimweleza muuza maharage kwamba kisado chake kina kitako cha uongo.

Nyie mmemkuta Mwalimu Saumu sauti imepungua. Wakati ule ilikuwa inafika stendi. Alikuja kutoka Tanga kufundisha chuo cha ualimu, akastaafu, na akakataa kurudi kwao kwa maelezo kwamba baridi ya huku imeshamzoea. Alikuwa amegundua jambo ambalo sisi wenyeji hatukuliona. Mtumishi akipata barua ya uhamisho, awe daktari, mwalimu au bwana shamba, makochi yanapanda lori, kuku wanapanda lori, na vitabu vinaachwa. Yeye alivikusanya mpaka chumba kikajaa, na sasa alitaka kuviuza kwenye soko la mtandaoni. Tatizo, macho yake na simu janja havikuwa vinaelewana.

"Wewe unajua kuchapa," akaniambia. "Na simu nayo ina herufi. Tofauti iko wapi?"

Siku ya kwanza nilifika nimevaa sketi ya ofisini na viatu vya kufunga. Nilipiga picha za vitabu arobaini. Katika picha thelathini na nane kuna kidole changu gumba. Ilipogonga saa nne Mwalimu Saumu, aliyekuwa ameketi pembeni na simu, akasema kwa sauti ya msiba, "Mama Jeni, data imekwisha."

Kwa Kiha, data ni baba. Na baba yangu wiki hiyo alikuwa amelazwa hospitali, Kabanga. Nikakaa chini, juu ya kamusi.

"Nani amekupigia?"

"Hajapiga mtu. Imekata yenyewe tu."

"Mbona jana alikunywa uji!"

"Nani alikunywa uji? Mama Jeni, bando! Hebu nenda kanunue vocha."

Baba alipona, akaishi miaka mingine kadhaa, na kila aliponiona na simu aliniuliza kama bado yupo.

Wateja wa mwanzo walinifundisha zaidi ya Mwalimu. Kitabu cha kwanza kukipandisha mtandaoni nilikipiga picha juu ya kigoda cha mninga. Watu watano waliandika siku hiyo hiyo, na wanne walitaka kigoda. Wa tano aliuliza kama mwenye kidole kile ameolewa. Tangu hapo nikatandika kanga ya rangi moja juu ya meza, bila maua, bila maneno, maana kanga ya kwanza iliyokuwa na maneno ilizua mjadala wa siku tatu chini ya tangazo na kitabu hakikuuzwa.

Simu nayo ilikuwa na akili zake. Ukiandika neno, inalibadilisha inavyoona inafaa. Kuna kitabu cha sala, kizuri kabisa, nilichoandika kwamba kina mikunjo kidogo pembeni. Simu ikaweka mikojo. Mtu wa Kigoma mjini akauliza, kwa adabu zote, ni mikojo ya nani. Nikajifunza kusoma tangazo mara mbili kabla ya kulirusha, na mara ya tatu likiwa la dini.

Mwalimu Saumu alikuwa na sheria moja: kasoro zitangulie sifa. "Mnunuzi akikuta ubovu ulioutaja, atakuita mkweli," alisema. "Akikuta usioutaja, atakuita mwizi." Kwa hiyo niliandika: kimeliwa na mchwa kuanzia ukurasa wa kumi hadi wa kumi na tisa, wengine hawakuguswa. Niliandika: kinanuka moshi, lakini si vibaya. Niliandika: jibu la swali la saba mwenye kitabu amelikosea, usimwige. Walimu walipenda sana la mwisho. Mmoja alisafiri kutoka Kibondo kuja kuhakikisha.

Vitabu vilivyovunjika mgongo tulikuwa tunavitupa, mpaka alipokuja Papa Selestini. Huyu alikuwa mkimbizi kutoka Uvira, aliyekuwa akiishi kambini Nyarugusu. Kwao alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Siku alizopata kibali alikuja Kasulu na mfuko wa kitambaa wenye sindano tatu, nyuzi zilizopakwa nta, mfupa wa mbuzi uliosuguliwa kama kisu butu, na mawe mawili bapa. Siku ya kwanza alichukua kitabu kutoka kwenye ndoo ya taka, akakifungua kama daktari anavyofungua mdomo wa mtoto.

"Mama, hii livre haiyakufa. Iko na maladie ya mugongo tu."

Nilimwonyesha gundi yetu ya dukani. Akainusa, akairudisha.

"Hii iko nguvu sana. Inakausha mugongo, kisha inapasuka tena. Weye pika uji ya muhogo, mwepesi, pakaa polepole, sawa unapakaa mutoto mafuta."

Nikapika uji. Mara ya kwanza nilitia chumvi kwa mazoea ya mkono, na Papa Selestini akacheka mpaka akavua miwani. Alinifundisha kushona kurasa, kulaza kitabu chini ya jiwe siku mbili bila kuchungulia, na kunyoosha kona kwa ule mfupa. Kutochungulia ndiko kulikonishinda. Mfupa mnaoukuta kwenye droo ya juu ndio huo. Aliniachia alipopata safari ya kwenda kuishi nchi ya mbali. Tafadhali msifungulie nao soda.

Sasa nifike kwenye kesi iliyoninyima raha kuliko zote. Kosa lilikuwa langu, naandika ili lisiwe lenu.

Binti mmoja anaitwa Konsolata, mwenyeji wa Busunzu kule Kibondo, alipita dukani na kiroba cha vitabu. Kwao walikuwa wanapiga lipu nyumba, akaamua kupunguza mizigo. Ndani yake kulikuwa na kitabu kinene cha magonjwa ya ng'ombe, jalada gumu la kijani. Nikakifungua haraka, nikaona upande wa ndani wa jalada umejaa maandishi ya kalamu. Sikuyasoma. Nikaandika: "Kizima, kimeandikwaandikwa ndani ya jalada, haizuii kutibu ng'ombe." Nikajiona mjanja. Baada ya siku mbili kikanunuliwa na mtu wa Kibondo aliyejiita Mfalme wa Nyuki. Nikakifunga, nikakikabidhi kwa kondakta wa basi, nikasahau.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, akaingia mzee mrefu mwenye koti la suti na raba, nyuma yake Konsolata akiwa ameinamisha kichwa.

"Mwakeye," nikamsalimu.

Akaitikia kwa kichwa tu. "Wewe ndiye uliyewauza wanangu?"

Mwalimu Saumu akainuka kwenye kiti. Alikuwa hajawahi kusikia lalamiko la namna hiyo.

Ikabidi Konsolata aeleze. Mzee Balitazari, baba yake, alikuwa na desturi ya kuandika ndani ya jalada lile kila aliyezaliwa nyumbani kwake. Nakala nyingine hakuna. Sasa kulikuwa na nafasi za kazi za wauguzi, Konsolata amesomea, na nafasi zile zina ukomo wa umri. Cheti chake kimoja kinasema mwaka huu, kingine kinasema mwaka ule, kwa sababu mwalimu aliyemwandikisha shule ya msingi alimkadiria kwa kutazama meno. Kwa cheti kimoja anafaa, kwa kingine amepitiliza. Ilitakiwa mzazi aende mahakamani aape tarehe iliyo sahihi. Maombi yalikuwa yanafungwa Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Basi aape tu," akasema Mwalimu Saumu. "Si mtoto wake?"

"Mimi ni mzee wa kanisa," akajibu Mzee Balitazari. "Siapi kwa makadirio. Niliandika, nikione nilichoandika, niape."

"Data, nimekuomba tangu juzi," Konsolata akasema. "Taja hata mwezi tu."

"Nitaje mwezi halafu nikamwambie nini Mungu? Kwamba nilibahatisha?"

Nilimtazama yule binti. Alikuwa ameshika bahasha ya vyeti vyake kifuani kwa mikono miwili. Nikaona aibu imenipanda mpaka masikioni. Miaka yote nilijisifu kwamba natazama vitabu, kumbe natazama majalada. Nikawaambia warudi Jumatano, nitakuwa nimekipata.

Nikamwandikia Mfalme wa Nyuki. "Habari ndugu. Kile kitabu nilichokuuzia nakihitaji tena, tafadhali." Akajibu upesi: "Tapeli mwingine." Nikamweleza habari ya mzee, binti, kiapo na Ijumaa. Nikisoma sasa naona kweli ilikuwa inafanana na maneno ya matapeli, ilipungua kuomba namba ya siri tu. Akanifungia. Nikijaribu kumwandikia, ujumbe hauendi.

Mwalimu Saumu akafikiri. "Anakuogopa wewe," akasema. "Mnunuzi hatamwogopa. Weka tangazo la kutafuta, kwa jina langu."

Tukaandika: "Natafuta kitabu cha magonjwa ya ng'ombe, jalada la kijani, hata kikiwa kimeandikwa ndani." Jumanne nzima nikakaza macho kwenye simu tangu asubuhi hadi jua linazama. Wakajitokeza watu wengi. Mmoja alikuwa na kitabu cha magonjwa ya kuku, akaniambia tofauti ni ndogo. Mmoja alitaka kuniuzia ng'ombe, na nilipomwambia natafuta kitabu cha magonjwa, akaniahidi kwamba ng'ombe mwenyewe ni mgonjwa.

Jioni ikaja picha. Kitabu cha kijani juu ya kanga isiyo na maua. Pembeni ya picha, kidole gumba. Changu. Chini yake maneno: "Kizima, kimeandikwaandikwa ndani ya jalada, haizuii kutibu ng'ombe." Mfalme wa Nyuki alikuwa ananiuzia kitabu changu kwa picha yangu na maneno yangu.

"Mjibu kwa utulivu," Mwalimu Saumu akanionya, maana nilikuwa nimesimama. "Muulize kipo."

Nikauliza kama kipo. Kipo. Tukapatana tukutane Kibondo kesho yake, stendi.

Nikawapigia simu wasije Kasulu; Jumatano nikapanda basi la asubuhi, Mzee Balitazari na Konsolata wakapandia njiani, Busunzu. Njia nzima mzee hakuniongelesha. Alimwongelesha mtu wa kiti cha nyuma kuhusu mimi.

Mfalme wa Nyuki alitusubiri kwenye kibanda cha chai. Alikuwa kijana mpole mwenye shati lililonyooshwa vizuri, jina lake Bwana Marwa, afisa mifugo aliyepangiwa kazi huku kutoka Mara. Nyuki hakuwa nao. Alisema jina lilikuwa limebaki kwenye simu aliyoinunua mkononi. Nilipomwonyesha kidole changu gumba na picha, akaweka kikombe chini.

"Mama, shikamoo," akasema. "Nisamehe. Nilishatapeliwa mara mbili mwezi huu. Sura niliyoitaka nilishaisoma, nikaona nimuuzie mwenye shida nacho kuliko kumpa tapeli."

"Marahaba. Mwenye shida nacho ndiye huyu," nikasema.

Akamtazama mzee, kisha akafungua jalada. "Kumbe ndiye wewe mwenye yule ng'ombe, Bihogo?" akauliza kwa sauti ya heshima. "Aliyezaa mapacha mara mbili?"

Uso wa Mzee Balitazari ukafunguka kwa mara ya kwanza. "Mara tatu," akasema. "Ya tatu kalamu iliisha wino."

Hapo ndipo tulipojua tatizo jipya. Mzee alikuwa ameandika kila aliyezaliwa nyumbani, kwa mfuatano, watoto na ndama katika orodha moja. Na kwa kuwa mtoto hakupewa jina siku ile ile, hakuandika jina. Katika kipindi kile cha Konsolata kulikuwa na mistari mitatu, kila mmoja na tarehe yake. "Jike. Mguu mmoja mweupe." "Jike. Mzima." "Jike. Mzima. Amekataa kunyonya siku ya kwanza."

Tukainamia jalada wote wanne, na mwenye kibanda akawa wa tano.

"Wa mguu mweupe tumwondoe," akasema Bwana Marwa. Konsolata akatazama miguu yake kama anayehakikisha.

"Data," akasema polepole, "uliniandika katikati ya ng'ombe?"

Mzee akajikuna kidevu. "Niliandika furaha zote mahali pamoja. Daftari sikuwa nalo."

Bwana Marwa akaeleza kitaalamu kwamba ndama akikataa kunyonya siku ya kwanza lazima atibiwe, na tungeona dawa imeandikwa pembeni. Pembeni ya mstari wa tatu kulikuwa na maneno madogo yaliyofifia. Nikavaa miwani, nikageuza kitabu kwenye mwanga, nikasoma kwa sauti: "Nimenunua kanga doti mbili, moja ya mama."

"Ng'ombe hawanunuliwi kanga," akasema mwenye kibanda.

"Ni yeye huyu," akasema Mzee Balitazari. Sauti ilikuwa imebadilika. "Alikataa kunyonya. Na tangu hapo amekataa mambo mengi."

Tarehe ilikuwa pale, wazi, kwa mwandiko wake. Konsolata akahesabu kwa vidole, akarudia, kisha akanikumbatia mimi niliyesababisha yote. Alikuwa ndani ya ukomo kwa siku kumi na moja. Mchana ule ule mzee akaapa mahakamani hapo hapo Kibondo, ameshika Biblia mkono mmoja na kitabu cha ng'ombe mkono wa pili, na karani akamwomba mara mbili akiweke chini akakataa.

Bwana Marwa hakutaka kurudishiwa pesa. Aliomba tu apige picha maelezo ya Bihogo. Tulipokuwa tunaagana, Mzee Balitazari akaniomba kalamu, akakaa kwenye benchi la stendi, akafungua jalada. Mbele ya ule mstari wa tatu akaandika, kwa taratibu ya mtu anayelipa kitu kilichochelewa: "Konsolata. Binti." Kisha akanipa mkono. Njia yote ya kurudi nilikuwa peke yangu, na nilijisikia vizuri.

Konsolata alipata ile kazi. Nami tangu siku hiyo nasoma ndani ya kila jalada kabla sijagusa simu. Nimerudisha barua za uchumba, picha za ubatizo, na mara moja risiti ya friji ambayo mke hakutakiwa kuiona. Hiyo ya mwisho nilimrudishia mke kwa bahati mbaya, na sitaki kuizungumzia.

Mwaka huu macho yangu yakaanza kusoma tatu kama nane, nikajua muda umefika. Mliniaga kwa soda na keki, na Mwalimu Saumu akaniambia nichague kitabu chochote niondoke nacho. Miaka yote nilifungua maelfu na sikumaliza hata kimoja, maana kazi ilikuwa kutazama kurasa, siyo kuzisoma. Nikachagua riwaya nene ya mapenzi na mauaji. Nikaisoma siku sita, nimekaa barazani, chakula kikiungua. Siku ya sita, mpelelezi amewakusanya wote sebuleni, ameinua kidole amtaje muuaji, nikageuza ukurasa, nikakuta jalada la nyuma.

Kurasa nane za mwisho hazikuwepo.

Nikavaa viatu, nikaja dukani. Mnakumbuka. Nestori alitafuta tangazo la zamani kwenye simu, akalisoma mbele ya wateja: "Kimekamilika, kurasa zote zipo."

"Nani huyu mzembe aliyeandika?" nikauliza.

Mkanitazama nyote wawili, kisha mkatazama kidole changu gumba. Hata Mwalimu Saumu, ambaye siku hizi hasikii vizuri, alilisikia swali hilo.

Ni Asha aliyeniokoa. Alikwisha kuisoma nakala nyingine shuleni. Akaegemea meza akanisimulia mwisho wote, nani alimuua nani na kwa nini, na yule mchumba alikuwa amejificha wapi. Wateja watatu wakaacha walichokuwa wanatafuta, wakasogea. Alipomaliza, mmoja wao, fundi cherehani wa pale jirani, akasema anakitaka hicho kitabu, ila kama Asha atakubali kumsimulia tena atakapofika mwisho, kwa sababu yeye husoma polepole na atakuwa amesahau.

Nikampa pale pale. Na Nestori, bila kuambiwa na mtu, akarekebisha tangazo la zamani kabla ya kulifuta, liingie sahihi kwenye kumbukumbu za duka: "Kurasa nane za mwisho hazipo. Mwisho unapatikana dukani, muulizie Asha."

Nikarudi nyumbani kupika.